Tata Ngeleka, Kipimo cha Maji ya Bondeni

Ndugu zetu, majirani wa Bondeni, na ninyi mliofika kwa treni kutoka Kasaji, mimi ni Kazadi, mdogo wa marehemu, na karatasi hii tuliiandika jana pamoja na mjane na watoto.

Tata Ngeleka Nkulu alizaliwa Kasaji tarehe 12 Machi 1929, akasoma miaka mitano kwa mapadri, akiwa mrefu kuliko mwalimu wake, na tarehe 3 Mei 1949 akaingia kazi ya pampu katika migodi ya Kolwezi, akitoa maji shimoni miaka thelathini na moja. Tarehe 18 Agosti 1951 alimwoa Mama Mianda huko Dilolo, wakajaliwa watoto saba.

Januari 1974 mto uliingia Bondeni, ukamfika Tata kwenye mkanda akiwa amesimama ukutani kwake, na Februari 1979 ukamfika kifuani, nyumba kumi na moja zikaanguka. Kila mara alichora mstari wa makaa ukutani, na aliyetaka kujenga alikuja kwanza kuutazama, ndipo ajue ainue msingi kiasi gani. Siku hizo zilikuwa nzuri, jamani, ua ulijaa watu na chai haikukauka. Juni 1982, kwa harusi ya binti yake Mado, tulipaka nyumba nzima chokaa, mistari ikapotea, na aliyeshika brashi ni mimi. Tata alicheka, akasema kipimo anacho mwilini, na tangu hapo kila mjenzi alipokuja, Tata aliegemea ukuta, akagusa mkanda, akagusa kifua, nasi tukimtania kwamba anaringa kama bwana harusi. Kuchora upya tuliahirisha mwaka hadi mwaka.

Mei 1986 miguu ilikufa ganzi, hakusimama tena, na kila wingu lilimtia hofu juu ya wageni wanaojenga karibu na mto. Jumapili tarehe 5 Oktoba alimwambia Mama Mianda: “Siku mutanipima juu ya sanduku, ile tete musiitupe,” yaani tete la kupimia urefu wa jeneza. Alifariki Jumanne tarehe 7.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa pampu, majirani mliokesha nasi, na seremala Aruna, aliyempima akatuachia tete lake, likiwa na nyuzi mbili alizofunga Mama Mianda, penye mkanda na penye kifua. Leo asubuhi tulilisimamisha ukutani, tukachora mistari yote miwili, safari hii kwa rangi ya mafuta. Mvua imekaribia, mkitoka makaburini piteni muitazame mistari hiyo.

Tata, leo umesimama tena; sasa lala, upumzike kwa amani.