Mlezi Aliyekaa Nje ya Mlango: Verna Halvorsen Anatuaga

Ifikapo tarehe 31 Mei, Verna Halvorsen atarudisha funguo za maabara ya jiolojia baada ya kukitumikia Chuo cha Tamarack kwa miaka thelathini na moja. Waliosoma mawe kwake watamkumbuka kwa ukali wa kalamu yake nyekundu. Mimi niliyepakana naye ofisi nitamkumbuka kwa kazi aliyogoma kuifanya, nayo ni kuiongoza timu ya chemsha bongo, ambayo yeye ndiye mlezi wake.

Ulezi huo aliupata kwa sababu walimu wengine wote tuliukimbia. Siku ya kwanza aliwaambia wanafunzi, "Mimi nitatia sahihi na kuendesha gari. Mengine ni yenu." Walidhani anatania. Tangu hapo wamekuwa wakichagua nahodha wao, wakitunga maswali, wakipanga mazoezi na kuuza keki za malenge ili wapate nauli. Safari moja walifika kwenye mashindano mjini Duluth bila vitufe vya kubonyeza wanapotaka kujibu, wakazunguka wakiazima kwa wapinzani kwa aibu kubwa. Verna alikuwa ameviona vimebaki mezani. Walipomuuliza mbona alinyamaza, alisema, "Sasa hamtavisahau tena," akawasha gari.

Nilimwambia mara nyingi kwamba huo ni uvivu uliovaa koti la hekima. Alinipa kahawa na kuendelea na msimamo wake.

Kisha ukaja mwaka wa mashindano ya kanda. Desturi ya mchezo huu ni kwamba kila timu hutunga fungu lake la maswali na kulituma mapema, na fungu hilo linaposomwa, timu iliyolitunga hupumzika. Waandaaji walichanganya mafungu. Katika mechi ya mwisho, vijana wetu wakajikuta wanaulizwa maswali waliyoyatunga wenyewe. Mmoja akabonyeza kabla ya kufikiri, akajibu, na wenzake wakaduwaa. Wakashinda kwa tofauti ndogo, na ushindi huo uliwapa nafasi ya kwenda fainali za taifa, ambazo Tamarack haikuwahi kuzifikia.

Verna alikuwa kwenye korido, akisahihisha mitihani kama kawaida yake. Nahodha, Deepti Raman, akamwendea na timu nzima nyuma yake.

"Profesa, tuseme au tunyamaze?"

"Unaniuliza mimi? Mimi dereva tu."

"Acha basi, Profesa. Hili ni kubwa."

"Ndiyo maana ni lenu."

Wakabishana palepale mbele yake. Mmoja alisema kosa ni la waandaaji, kwa hiyo wao hawadaiwi kitu. Deepti akamjibu, "Basi nenda taifa peke yako, mimi siwezi kulala na hili." Wakaingia ndani, wakasema. Mechi ikarudiwa kwa fungu jingine, wakapigwa vibaya. Verna aliniambia baadaye kwamba aliuma ulimi mpaka ukamuuma kweli.

Mkuu wa masuala ya wanafunzi chuoni, Curtis Bohannon, alipopata habari alitaka kuajiri kocha. Verna akamfuata ofisini. "Angekuwepo kocha, angeamua kocha," alimwambia. "Hawa wameamua wenyewe, na imewauma. Unataka kuwafundisha nini zaidi ya hapo?" Bohannon akaliweka suala kando.

Majira haya ya kuchipua, Verna alipotangaza kustaafu, suala la kocha likarudi. Nikamsihi awaandikie wakubwa. Akakataa. Nilikasirika, nakiri, nikamwambia anaiacha kazi yake yote izame. "Kama timu ni yao, wataitetea," alisema, akarudi kwenye mawe yake.

Nahodha wa sasa, Odalys Ferrer, akaingia na wenzake wawili kwenye kikao cha kamati ya chuo iliyokuwa ikiamua suala hilo. Walijibu kila swali bila kupepesa macho. Bohannon akawauliza, "Mkishindwa je?" Odalys akasema, "Tutashindwa sisi, siyo kocha." Kamati ikaridhia, kwa sharti kwamba wapate mlezi mpya. Basi wakaanza kutuhoji walimu wao, mmoja mmoja. Mimi nilijitokeza nikiwa na mpango mzuri wa mazoezi. Walinishukuru kwa upole na kunionyesha mlango. Wakamchukua Ruth Ostby wa hisabati, aliyewaambia, "Mkinihitaji mtaniita."

Verna aliyajua haya yote kwenye ubao wa matangazo, akiwa amesimama na koti lake kama mpita njia. Alisoma, akasoma tena. "Hata hawakuniuliza," alisema. Nikamtazama nikidhani ameumia. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na sijawahi kumwona ana furaha kiasi kile.

Asante, Verna. Nenda upumzike ziwani kwako kwa afya na amani. Huku sasa hatukuhitaji tena, na tunajua hiyo ndiyo zawadi uliyoitaka.