Dobi wa Hospitali na Mahali Tutakapomlaza

Mchungaji, ndugu wa pande zote mbili, majirani, na ninyi mliosimama kule nje kwenye jua kwa kuwa viti vimeisha, poleni sana. Mimi ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, kazi yangu ni fundi wa mabomba, na nimepewa jukumu la kuwasomea maisha yake kwa niaba ya familia. Karatasi niliyoandikiwa na kamati ya msiba ninayo mfukoni, na humo itabaki, kwa sababu jana nilipofika mstari wa tatu nilishikwa na kichefuchefu cha kweli, nikatoka nje nikaegemea tangi la maji hadi kikapita. Na mimi si mtu wa kinyaa. Nimezibua vyoo vya soko, nimeingiza mkono hadi begani kwenye mashimo ambayo ninyi mkiyaona mnavuka barabara, kisha nikanawa nikaenda kula. Kinachonishinda mimi ni uongo uliopakwa mafuta kwa jina la Mungu.

Tusijitie hamnazo, kila aliyepo hapa anajua kwamba tangu juzi tunagombana wapi tumlaze. Shemeji yetu, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa kamati, anataka alazwe kwenye eneo la ukoo wao, penye marumaru, ubavuni mwa mumewe. Yeye mwenyewe dada aliomba alazwe upande wa pili wa makaburi, kwenye uzio, kwa binti yake. Jana shemeji aliapa mbele ya watu kwamba hilo halitatokea yeye akiwa hai. Basi sikilizeni maisha yenyewe.

Dada yangu alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba mlinzi wa ghala la ngano na mama mshona nguo, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, ambamo mvua ikinyesha tulikuwa tunavuta godoro kutoka kona moja hadi nyingine tukitafuta pakavu. Alianza shule ya msingi mwaka 1965, shule ile iliyokuwa nyuma ya kituo cha treni, akamaliza darasa la saba mwaka 1971, wa pili darasa zima, na hakuendelea, kwa kuwa mwaka huo huo baba alianguka ngazini akavunjika nyonga, akatakiwa mtu wa kumwogesha na kumgeuza, na mtu huyo akawa yeye.

Ni pale kwenye kitanda cha baba alipoanza kuzungumza na Mungu kwa sauti, bila kupiga magoti wala kufumba macho, kwa sauti ile ile ambayo mtu huombea chumvi mezani, akimwambia wewe mshike huko miguuni, mimi namshika mabegani, haya, twende. Mama alidhani mtoto ameingiwa na homa. Baba, ambaye ndiye aliyekuwa anageuzwa, akasema mwacheni, hao wawili wananigeuza vizuri kuliko ninyi wote. Tabia hiyo hakuiacha mpaka anakufa, na wengi wenu mlimcheka kwa ajili hiyo, wengine mkiwa mmekaa kwenye viti vyake.

Tarehe 2 Juni 1975 aliajiriwa kuwa dobi hospitalini, katika chumba cha kufulia kilichokuwa chini ya ngazi, chumba kisicho na dirisha, chenye mapipa mawili ya kuchemshia na sinki refu la zege, ambapo kila shuka, kabla ya kuchemshwa, lilipaswa kusuuzwa kwa mkono ili kutoa damu, matapishi, usaha na mengine ambayo sitayataja mbele ya watu waliotoka kunywa chai. Wafanyakazi wapya walikuwa wakitapika siku ya kwanza, naye alikuwa akiwashika kipaji cha uso, akiwaambia wateme tu, sinki lishachafuka hata hivyo. Kutwa nzima alikuwa akiongea na Mungu juu ya mvuke ule, mara anamshukuru, mara anamlalamikia juu ya sabuni isiyotoa povu, hadi wenzake wakamwita Redio, kwa sababu hazimwi. Nilipomuuliza kama haoni vibaya kumwita Mungu mahali penye uvundo namna ile, aliniambia hajamwita, alimkuta humo humo, maana angekuwa ni Mungu wa kuchagua vyumba basi kile angekiruka.

Jumamosi tarehe 22 Desemba 1979 alifunga ndoa na fundi wa magari, mwanaume mcheshi, mweusi kwa oili hadi kwenye kope, na katikati ya kucheza dada alisikika akisema kwa sauti, umeona, umeona lakini, na bwana harusi alipotaka kujua anasemeshwa nani, akajibiwa ni yule wa siku zote, naye akasema hana shida, mradi tu huyo wa siku zote asikorome. Hivyo ndivyo walivyoishi miaka tisa, kwa vicheko, na ninawaambia kwamba furaha ya watu wale wawili ndani ya chumba kimoja na jiko la mafuta ya taa sijaiona kwenye nyumba nyingi nilizoweka mabomba ya maji moto.

Karatasi ya kamati inasema, mnivumilie nisije nikatema mate mahali patakatifu, kwamba marehemu alijaliwa mtoto mmoja. Mmoja! Alijaliwa watoto wawili, tena karatasi imemfuta yule wa kwanza, binti aliyezaliwa tarehe 3 Agosti 1981, ambaye miguu na shingo yake havikupata nguvu, ambaye mate yalimtoka bila yeye kutaka, na ambaye baba yake alimtengenezea kigari cha magurudumu ya toroli, akampakia, akamtembeza mtaa mzima akipiga honi kwa mdomo, ndiyo maana mtaa mzima tukamwita Malkia. Wa pili ni kijana huyu aliyekaa mbele, mchomeleaji wa vyuma, aliyezaliwa mwaka 1985.

Siku moja Malkia alinywa maji kwa kikombe nyumbani kwa shemeji, na kikombe kile kikachukuliwa kwa ncha za vidole, kikatupwa jalalani, mtoto anaangalia. Kisha shemeji akamwambia dada, sebuleni, mbele ya wageni, kwamba Mungu amelipa kisogo tumbo lake na asijisumbue kumsemesha mtu aliyekwisha kuondoka. Leo asubuhi mdomo huo huo umetuongoza hapa katika wimbo wa Mungu asiyetuacha, ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, macho makavu, na tai imenyooka. Mabomba yangu yananuka, lakini yanajijua kwamba yananuka.

Mumewe alifariki tarehe 14 Februari 1989, chini ya lori, jeki ilipoteleza. Dada hakusema Mungu kaenda wapi. Aligombana naye, na ugomvi ule niliusikia kwa masikio yangu nikiwa uani natengeneza bomba, akimuuliza alikuwa anatazama nini, mikono yake ilikuwa na kazi gani wakati jeki inateleza. Nilipoingia nikamuuliza kama sasa amekata tamaa naye, akanifuta machozi yangu mimi, mtu mzima na spana mkononi, akasema, "Yupo, mdogo wangu, ndiyo maana namgombeza. Nani anagombana na chumba kitupu?"

Na ni ugomvi huo uliozaa aibu ambayo ukoo huu haujawahi kuisema hadharani. Mwanzoni mwa mwaka 1990, ukoo wa mumewe ulisikia kwa mpita njia kwamba mjane, hata mwaka haujatimia vizuri, jioni anasikika chumbani akiongea na mtu, anacheka naye, anamwambia usinikasirishe, anamwambia kaa hapo nimalize kupiga pasi. Wakakusanyana watu watano, shemeji akiwa mbele, wakaja kumfumania. Hodi hakuna. Waliingia wakapekua nyuma ya pazia, wakafungua kabati la nguo, mmoja akafunua pipa la maji, na shemeji mwenyewe akajipenyeza chini ya kitanda, tumbo likakwama kwenye chaga, akawa hatoki mbele wala nyuma, miguu nje, anahema. Malkia, aliyekuwa amelala kwenye mkeka ana kwa ana na shemeji, uso kwa uso chini ya kitanda, akacheka mpaka kwikwi zikamshika. Dada aliacha pasi yake, akainua kitanda upande mmoja ili mtu atoke, akamkung'uta vumbi, kisha wakamuuliza kwa ukali yuko wapi huyo anayeongea naye. Akawajibu, "Yupo. Ninyi ndio hamjui kutafuta." Waliondoka bila kuaga, na kwa chuki ya siku ile walikula kiapo chao juu ya Malkia.

Kiapo chenyewe tulikiona Malkia alipofariki kwa nimonia tarehe 17 Juni 1992. Tulikwenda kuomba azikwe kwa baba yake, tukaambiwa eneo la ukoo halipokei kitu cha namna ile. Walisema kitu. Nimetafuta neno la heshima zaidi la kuweka hapa nikalikosa, na sitaki kulipata. Akazikwa Ijumaa tarehe 19 kwenye uzio, pale ambapo watu hutupa maua yaliyokauka, na waliobeba jeneza ni mimi na wanawake watatu wa chumba cha kufulia. Mimi siku hiyo, nawaambieni ukweli, sikumwona Mungu popote, nilimwambia dada hivyo hivyo, na dada, akiwa amepiga magoti kwenye maua mabovu, hakunihubiria, alisema tu nikae kimya kidogo niwasikilize, akaendelea kumsimulia Mungu jinsi mtoto alivyopenda kulazwa, ubavu wa kushoto, mto mdogo chini ya goti. Tangu hapo kila Jumapili alikwenda pale, akafagia, akakaa chini, akaongea na wote wawili, na nikimpitia kwa baiskeli ninawasikia wanacheka, yaani namsikia yeye.

Alistaafu mwaka 2017. Mwaka uliofuata sukari ilimpata, kidonda kikatokea mguuni, kikakataa kupona, kikanuka. Nalisema kwa kuwa nyote mnalijua, maana mlikuja, mkasimama, mkashika pua. Shemeji alikuja mara moja, akabaki mlangoni na leso usoni, akaomba dua ndefu ya uponyaji kutoka huko huko kizingitini, akaondoka. Dada aliniambia sala imefika ila mwombaji bado yuko njiani, tukacheka hadi mguu ukamuuma. Karatasi ya kamati inasema alifariki akiwa amezungukwa na jamaa wote kwa upendo. Wapi! Alifariki Jumanne tarehe 12 Novemba 2019, saa mbili asubuhi, chumbani kwake, wakiwepo mwanawe na mama muuza mkaa wa mlango wa pili aliyekuwa ameshika beseni. Maneno yake ya mwisho hawakuambiwa wao, alimwambia yule wa siku zote asogee kidogo, godoro lenyewe dogo, kisha akajivuta ukutani ili kutoa nafasi, akatulia.

Ninayo imani ya shida, mchungaji anajua. Lakini mtu hajivuti ukutani kwa ajili ya hewa tupu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, hasa yule muuguzi wa zamu ya mchana aliyekuwa akifunga kidonda bila kugeuza uso. Tunawashukuru madobi wa chumba cha kufulia, waliokuja na mashuka meupe ambayo amelazwa juu yake sasa, yamepigwa pasi kama alivyowafundisha. Tunawashukuru majirani, na zaidi ya wote mama muuza mkaa, ambaye kamati imemweka kule nje juani na hapa mbele pana viti vya wageni wa heshima wasioijua hata rangi ya mlango wa marehemu, naomba kijana mmoja anyanyuke ampishe, ahsante.

Mwisho ni tangazo. Kaburi lililochimbwa jana kwenye marumaru, kwa amri ya kamati, halipo tena. Leo alfajiri mwanawe alilifukia peke yake, kwa koleo, akalishindilia, kisha akaenda kwenye uzio akachimba jingine, ubavuni kwa dada yake. Usinyanyuke, shemeji, tope liko kwenye viatu vyake, tazama tu kutoka hapo ulipo. Tukitoka mlangoni jeneza litaelekea kushoto, na anayetaka njia ya kulia aende salama, hatutamngoja. Ninyi mtakaokuja, msiogope kusogea karibu, wala msinong'one.

Dada, twende. Mwanao kakuchimbia upande wa kushoto wa Malkia, mpumzike pamoja kwa amani.