Ambrosi Nyenza na Miti ya Itundwe

Baba Paroko, wazee wetu wa Kalenga, wenzake marehemu wa Idara ya Misitu, na ninyi wageni wetu mliotoka Itundwe mkiwa mmekaa kando ya jeneza ndani ya lori, poleni kwa safari na poleni kwa msiba, mimi ni Zeno Nyenza, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia niyasome maisha yake, na nimeagizwa nisifiche kitu.

Marehemu Ambrosi Nyenza alizaliwa hapa Kalenga tarehe 3 Machi 1920, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Kolumba Nyenza. Alianza shule ya misheni Tosamaganga mwaka 1929, akaendelea Tabora, na mwaka 1941 akaingia Chuo cha Makerere kusomea elimu ya mimea, jambo ambalo baba yetu hakulielewa hadi anaingia kaburini, maana aliwaambia watu kwamba mwanawe amekwenda mbali namna ile kujifunza majani, ambayo ng'ombe wanayajua bila kufundishwa.

Aliajiriwa na Idara ya Misitu hapa Iringa mwaka 1945, akafunga ndoa na Verediana tarehe 7 Septemba 1946, wakajaliwa Benedicta mwaka 1948 na Kolumba mwaka 1953. Mwaka 1951 alihamishiwa Mbeya kutafiti misitu ya mvua ya milimani, kujua mti upi huota kivulini na upi hungoja mwenzake aanguke ndipo upate jua, na ili asiuchanganye mti na mwingine aliutia kila mmoja namba kwa rangi nyeupe, akawa anaupima kila mwaka.

Mwezi Mei 1952 aliomba kuupima msitu wa Itundwe, ulio milimani juu ya Mbalizi, ambamo Wasafwa wamewazika wazee wao na hufanyia matambiko, pahali ambapo hapakatwi hata fito. Mzee Fanueli Mwazembe, mwenye dhamana ya msitu huo, alimkubalia kwa sharti moja, kwamba atapima na kutoka bila mti wowote kudhurika, na Ambrosi akaahidi mbele ya wazee wote.

Agosti 1953, Ambrosi akiwa hapa nyumbani kwa ubatizo wa mwanawe Kolumba, wachana mbao waliokuwa na kibali cha mlima wa jirani walipotea njia wakaingia Itundwe, wakaiona miti yenye namba, na kwa kuwa mti wa kukatwa nao hutiwa rangi, wakadhani wamewekewa alama, wakaiangusha yote ishirini na sita, wakaiacha ile tu ambayo ndugu yetu alikuwa hajaifikia. Alisema mwenyewe, na hakukubali kufarijiwa, kwamba asingeigusa miti ile ingekuwa imesimama hadi leo.

Tangu hapo alikataa kupelekwa msitu mwingine, akajenga kibanda ukingoni mwa uwazi ule, akapanda miche, akafyeka miiba, akaandika jinsi msitu unavyorudi baada ya kukatwa, na utafiti huo ndio uliompa sifa, wataalamu wakamwandikia kutoka Nairobi na Uingereza, na mwaka 1956 akapandishwa cheo. Verediana alizipata habari hizo sokoni, na alipomuuliza mumewe kwa nini amemficha, alijibiwa kwamba hawezi kuchinja kuku kwa kufurahia makaburi ya watu.

Jambo moja tu hakulifanya. Kule Itundwe mkosaji huja na jembe, hukaa chini mbele ya wazee, na kutamka kwa kinywa chake kwamba amekosa, lakini kaka yangu, msomi na mkaidi, alidhani miche itamsemea. Wazee walipita, wakasalimiana naye, wakamwona amepiga magoti matopeni, wakangoja, naye akadhani wanamchukia, akazidi kuinama. Mficha uchi hazai, na miaka ikapita hivyo.

Novemba 1957 aliugua figo, akalazwa Mbeya, na mwanzoni mwa mwezi huu alimwomba Verediana ampeleke Itundwe na jembe, wakati hata kukaa kitandani hawezi, ndipo Verediana akapanda mlima kuwaita wazee. Waliteremka kwa miguu hadi Mbalizi, wakafika hospitalini asubuhi ya tarehe 11 Juni 1958, na Ambrosi alikuwa amefariki alfajiri ya siku hiyo. Mzee Fanueli akatuambia kwamba neno lile bado linaweza kusemwa, mradi lisemwe na mtu wa damu yake, na lisemwe kabla ya udongo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Bwana Umakant Mulji wa Mbalizi aliyetoa lori lake, wenzake wa kazini, na majirani wa Mbeya na wa hapa Kalenga.

Mzee Fanueli, jembe liko miguuni pako, nami nimekaa chini. Ambrosi amekosa. Alikuahidi, miti ikaanguka kwa alama za mkono wake, na akaogopa kuja kwako. Mimi sina la kuongeza. Kaburi liko wazi na vijana wameshika kamba, lakini neno la mwisho leo si letu sisi ndugu zake, tunakungoja wewe, Mzee wetu, kama moyo wako unaridhia, umwambie pumzika kwa amani.