Mkono Mmoja, Mambo Mawili

[Kwanza mlio: ta! Udongo mkavu unapasuka. Maji yanamwagika sakafuni. Kisha pumzi ya mtu, karibu kabisa na simu.]

STANISLAUS: Haloo... haloo, nani mwenzangu?

ODILIA: Mie. Mwakeye, umeamkaje?

STANISLAUS: Mie nani? Namba hii siijui.

ODILIA: Dada yako Odilia, bwana. Simu yangu imeisha chaji, nimeazima ya Mama Mwamvua mwenye duka, hapa Kasulu. Umeshanisahau sauti?

STANISLAUS: Shikamoo dada. Samahani, nilikuwa—

ODILIA: Marahaba. Nini kimevunjika hapo?

STANISLAUS: Mtungi.

ODILIA: Nani kauvunja?

STANISLAUS: Hakuna mtu. Mimi niko mlangoni, mama watoto yuko shambani, mtungi uko kwenye kona yake. Umepasuka wenyewe.

ODILIA: Udongo nao huchoka.

STANISLAUS: Ni wa nne, dada. Kwa Herieth mmoja, kwa mzee Tharsisi miwili, na sasa huu wangu. Yote ameifinyanga Bibi Ntirampeba. Na yote imepasuka tangu wamwondoe.

ODILIA: Stani, kijiji kizima kinanywea mitungi ya bibi yule. Utakaopasuka wowote utakuwa wa mkono wake.

STANISLAUS: Ndivyo ninavyojiambia.

ODILIA: Basi jiambie kwa sauti, maana naona hujisikii. Haloo? Unakwaruza... Stani?

STANISLAUS: Ngoja nipande kichuguu... Sasa?

ODILIA: Sasa nakupata. Sikiliza, salio ni la watu. Habari za bibi nimezisikia juu juu, kwa watu waliokuja mnadani. Nataka za kwako. Wewe ndiye karani wa kijiji, wewe ndiye uliyeandika. Mlimfanya nini?

STANISLAUS: Mimi sikumfanya—

ODILIA: Stani.

[Upepo kwenye simu.]

STANISLAUS: Ilianza na maji. Wale wa mradi walichimba kisima, wakafunga pampu, halafu wakaitia mnyororo. Wakasema hawaufungui mpaka kijiji kiwe na sheria ndogo ya maji, iliyopitishwa na mkutano mkuu na kukubaliwa na halmashauri Kibondo. Sawa. Mwenyekiti Philemon akaleta karatasi. Kifungu cha kwanza mpaka cha tisa, maji: nani anateka saa ngapi, nani anasafisha, ng'ombe wasikaribie.

ODILIA: Na cha kumi?

STANISLAUS: Cha kumi kinasema mtu yeyote asiyezaliwa nchi hii, na hana karatasi, aondoke ndani ya siku saba. Kiwanja chake kirudi kijijini.

ODILIA: Hicho nacho ni maji?

STANISLAUS: Alikisoma kwa pumzi ile ile. Tulikutana palepale kwenye pampu, jua kali, wanawake wamekuja na ndoo zao tupu wakidhani wataondoka nazo zimejaa. Mzee Tharsisi akauliza, haiwezekani tuamue maji kwanza? Philemon akamwambia, katekista, wewe ukinunua ng'ombe mkia unauacha sokoni? Watu wakacheka.

ODILIA: Na wewe ukacheka.

STANISLAUS: Nilikuwa naandika.

ODILIA: Ukiwa unacheka.

STANISLAUS: ...Kidogo.

ODILIA: Haya.

STANISLAUS: Akasema, wanaokubali wanyooshe mkono. Mara moja tu. Nikapita na biro yangu nikihesabu. Bibi alikaa mbele, si unajua masikio yake yalivyo mazito. Na yeye akanyoosha.

ODILIA: Nani akanyoosha?

STANISLAUS: Bibi Ntirampeba mwenyewe.

ODILIA: Wee!

STANISLAUS: Udongo umemkaukia mpaka kwenye kiwiko, alikuwa ametoka kufinyanga. Alikuwa ameomba maji pale kwa miaka arobaini, dada, tangu avuke mpaka. Alisikia maji. Nikamwelekezea biro nikasema, mia moja arobaini na mbili. Nikaendelea na wa pembeni yake. Jumla mia moja themanini na sita. Waliokataa, hakuna.

ODILIA: Hukumwinamia ukamwambia kifungu cha kumi kinamhusu nani?

STANISLAUS: Nilikuwa nahesabu. Ukikatiza unaanza upya.

ODILIA: [anapumua] Endelea.

STANISLAUS: Siku ya nane walikuja mgambo. Niliwatangulia kwa bibi, nikamwambia, bibi, pinga, sema hukuelewa, mimi nitaandika. Alikuwa amekwisha kufunga mzigo. Akaniambia, mwanangu, nilinyoosha mkono mbele ya watu, na maneno ya mtu hayarudi tumboni. Akaenda kufagia kaburi la mzee wake nyuma ya nyumba. Akarudi, akapanda lori.

ODILIA: Lakini umesema halmashauri lazima ikubali kwanza.

STANISLAUS: Ndiyo.

ODILIA: Imekubali?

STANISLAUS: Bado.

ODILIA: Kwa hiyo maji yanasubiri kibali, ila bibi hakusubiri. Upo?

STANISLAUS: Nipo. Wanasema amekufa. Wanasema lori lilimshusha njiani, kwamba hakufika mpakani wala popote. Wanawake hawapiti tena kwenye pampu. Wanazunguka na ndoo kichwani, njia ndefu ya bondeni, kwa sababu Herieth anasema alimwona asubuhi amekaa palepale mbele, mkono juu. Anangoja kuhesabiwa.

ODILIA: Herieth anaona mengi.

STANISLAUS: Mimi simwoni. Mimi nahesabu. Nikifumba macho tu nahesabu mikono, na nikifika mia moja arobaini na moja siwezi kuvuka. Naanza upya. Nimeshinda nahesabu wiki tatu.

ODILIA: Hivi kwa nini jana ulibipu simu yangu mara tano? Usiku wa leo sikulala, nikidhani mtoto.

STANISLAUS: Mtoto ana nafuu. Ni karatasi.

ODILIA: Karatasi zipi tena?

STANISLAUS: Mwanasheria wa halmashauri ameirudisha sheria yetu. Ameandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba mambo mawili yasiyo na undugu hayakai ndani ya sheria moja. Kila jambo liwe na sheria yake, na muhtasari uonyeshe kwamba wananchi waliulizwa kila jambo peke yake, wakajibu peke yake.

ODILIA: Huyo ana akili. Si mwitishe mkutano mwingine?

STANISLAUS: Nilimwambia Philemon hivyohivyo. Alikuja jana, akakaa kwenye kiti changu. Akasema mkutano wa nini? Kata karatasi vipande viwili, moja ya maji, moja ya wageni, kila moja andika mia moja themanini na sita. Mikono si ile ile? Hesabu si yako mwenyewe?

ODILIA: Anaogopa.

STANISLAUS: Anajua. Hilo la bibi ukilisimamisha peke yake, hakuna wa kulinyooshea mkono. Nani? Herieth? Tharsisi? Lilipita kwa sababu lilishika shati la maji. Na yeye tayari amechimba msingi kwenye kiwanja cha bibi, dada. Matofali yameegemea kaburi.

ODILIA: Umeziandika?

STANISLAUS: Nimeziandika. Ziko mfukoni, zote mbili, mwandiko wangu mzuri. Sijaweka sahihi. Alhamisi natakiwa nizifikishe Kibondo.

ODILIA: Usisaini.

STANISLAUS: Rahisi kwako. Wewe unafungua bomba hapo Kasulu. Mimi mtoto ameugua homa ya matumbo mara mbili mwaka huu kwa maji ya bondeni, tunakunywa na ng'ombe. Nisiposaini sheria inabaki mezani, mnyororo unabaki, na kijiji kizima kitajua ni mimi. Kazi nayo kwaheri. Na kwa ajili ya nani? Mtu aliyekwisha kufa.

ODILIA: Hajafa.

STANISLAUS: ...Unasemaje? Mtandao—

ODILIA: Mtandao mzima. Nasema hajafa. Yuko kwangu.

[Mbali, jogoo.]

ODILIA: Lori lilipata pancha hapa mjini. Wakawashusha watu, wakaziba, wakaondoka. Yeye alikuwa amekaa kwenye baraza ya Mama Mwamvua, hakuna aliyemwita, naye hakusikia. Mama Mwamvua akasikia anataja kijiji chetu, akanijia sokoni. Wiki tatu sasa. Kifua kinambana, anakula kidogo.

STANISLAUS: Wiki tatu. Na hukuniambia.

ODILIA: Nilitaka kwanza nijue naongea na karani au na mdogo wangu.

STANISLAUS: [anavuta kamasi]

ODILIA: Unalia?

STANISLAUS: Upepo.

ODILIA: Haya, upepo. Nimekuja naye hapa dukani, nampa simu. Sema kwa nguvu, masikio yake unayajua. Na fanya haraka, Mama Mwamvua ananionyesha vidole viwili, dakika mbili tu, salio linaisha. Bibi, shikilia hivi... hapana, hivi. Ongea.

[Mkwaruzo. Kikohozi. Pumzi ndefu.]

BIBI NTIRAMPEBA: Stanislaus.

STANISLAUS: Bibi. Shikamoo bibi.

BIBI NTIRAMPEBA: Marahaba, mwanangu. Mtoto yule, homa imepoa?

STANISLAUS: Imepoa, bibi.

BIBI NTIRAMPEBA: Nimefurahi. Huku nalala nikisema, na iwe hivyo, wao wanakunywa. Matamu?

STANISLAUS: Nini, bibi?

BIBI NTIRAMPEBA: Maji. Ya kisima. Ni matamu au yana chumvi?

[Kimya.]

BIBI NTIRAMPEBA: Odilia, amekata?

STANISLAUS: Nipo, bibi. Hatujayaonja. Pampu bado ina mnyororo.

BIBI NTIRAMPEBA: Bado?

STANISLAUS: Bado.

BIBI NTIRAMPEBA: Hakuna anayekunywa?

STANISLAUS: Hakuna, bibi.

BIBI NTIRAMPEBA: [taratibu] Basi mimi niliondokea nini?

[Pumzi. Mtu mbali anasema: salio, salio.]

STANISLAUS: Bibi, usimpe mtu simu. Unanisikia? Nasema kwa nguvu, nimesimama juu ya kichuguu, na Philemon yuko pale kwenye msingi wake, ameinua kichwa, ananisikiliza. Asikilize. Alhamisi nakwenda Kibondo mikono mitupu. Karatasi hizi mbili nazichana sasa hivi. Sikia, hiyo ni moja. Hiyo nyingine. Nitamwambia mwanasheria ukweli, kwamba tuliuliza mara moja, na watu wakajibu maji, na wewe ulijibu maji. Sheria ya maji irudi mkutanoni ipite peke yake. Na hilo lako, kama kuna mtu analitaka, alilete peke yake, asimame mbele ya watu alisome peke yake, wewe ukiwa umekaa mbele, na mimi niwe karibu na sikio lako nikikurudia kila neno. Wakinifukuza, wanifukuze. Wakichelewesha maji, nitabeba lawama nyumba kwa nyumba. Lakini mkono wako siuhesabu tena bila kukuuliza. Nakuahidi, bibi. Jumamosi nakuja kukuchukua.