Dada Subiri na Mboga za Kila Siku

Ndugu waombolezaji, kabla ya kusomwa maisha ya marehemu, familia inaomba watambuliwe waliopo, kila mmoja kwa nafasi yake: yupo mume wa marehemu, fundi wa ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, aliyeketi kwenye kigoda karibu na mlango baada ya kukataa kiti chenye mto, yupo binti yao, mshonaji, na mwana wao, dereva wa lori, aliyefika jana akiwa bado na vumbi la safari, yupo jirani yao wa ukuta mmoja, muuza mboga za majani, wapo wenzake marehemu wa chumba cha simu, wastaafu wote, yupo daktari wa wodi, ambaye ameomba asitajwe zaidi ya hapo, na yupo kaka mkubwa wa marehemu, aliyepewa kazi ya kuandika na kusoma maneno haya, kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki anayeikumbuka siku aliyozaliwa dada yake.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 9 Oktoba 1953, katika nyumba ya stesheni yenye vyumba viwili, ambako baba yao alikuwa karani wa tikiti, naye marehemu alikuwa mtoto wa tatu na binti pekee, na mama yao alizoea kusema kwamba mtoto huyu hakulia kama watoto wengine, alilia kwa vituo, kama anayetangaza kuwasili kwa garimoshi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961, akaendelea na shule ya sekondari ya wasichana kuanzia mwaka 1968 hadi 1971, na huko hakung'ara katika hesabu wala sayansi, lakini katika imla hakuwa na mpinzani, kwani hakukubali kuandika neno ambalo hakulisikia sawasawa, alinyoosha mkono akaomba lirudiwe, hata mwalimu alipochoka na kumwambia, "Wewe binti, utanimaliza sauti."

Tarehe 3 Juni 1974 aliajiriwa katika chumba cha simu cha posta, cheo chake kikiwa Mwendesha Mitambo ya Simu, na hapo alikaa mbele ya ule ubao wa matundu na nyaya kwa miaka mingi, kisha mbele ya mashine zilizofuata, hadi alipostaafu mwaka 2008; na jina lake la Subiri, ambalo wengi wamekuwa wakilikosea na kuliita Subira, lilitoka humo, kwa kuwa kila mpigaji alisikia kwanza sauti yake ikisema, "Subiri, nakuunganisha," na wenzake wanashuhudia kwamba hakuna aliyemshika akimuunganisha mtu pasipo pake, na kwamba mkubwa wa kazi akinung'unika maneno alimjibu bila woga, "Bwana mkubwa, tamka, mimi sisikii kwa macho."

Ni ubao huohuo uliomletea mume, kwani fundi wa ng'onda, wakati huo kijana wa kupaka chumvi katika banda la kukaushia samaki, alitumwa siku moja kuagiza magunia ya chumvi kwa simu, akaisikia sauti ile, na tangu hapo akawa anapiga simu kuagiza chumvi ambayo banda halikuihitaji, mpaka Dada Subiri akamuuliza, "Kaka, hao samaki wenu mnawapika kwa chumvi au mnawazika?" naye akajibu kwamba chumvi ni kisingizio, na kwamba angependa kuuona uso wa sauti, wakaonana, wakaoana tarehe 22 Aprili 1978, kaka zake bibi harusi wakimtania shemeji yao kwamba harufu yake hutangulia kufika kuliko mguu wake, naye akiwajibu kwamba wao wanaoga kwa sabuni na bado dada yao amemchagua yeye.

Mungu aliwajalia watoto wawili, binti mwaka 1980 na mwana mwaka 1984, wakawalea katika nyumba hiihii ya ukuta wa pamoja, na kwa kuwa fundi wetu alikuwa mtu wa maneno machache, mapenzi yake aliyafunga katika gazeti: kila jioni alirudi na kifurushi cha ng'onda, samaki aliyepasuliwa mgongoni, akashindiliwa chumvi ya mawe na kuanikwa juu ya kichanja, akakiweka mezani na kusema neno moja tu, "Mboga," na mkewe akampokea kofia, na jirani aliyekuwa akimwita kupitia dirishani, "Mama, nikufungie mchicha leo?" alijibiwa siku zote kwamba mume keshaleta mboga, hata jirani akazoea kumtania, "Mboga gani hiyo mwenzangu, inayokukodolea macho?"

Hapa inabidi kusimama kidogo katika neno hilo, kwa sababu maisha ya marehemu yalikuja kupinda hapo, nalo ni neno ambalo sote tunalitumia bila kulipima: nyumbani mboga ni chochote kinachoshushia chakula, kiwe jani, kiwe nyama, kiwe samaki, na mtu aliyekula samaki mwaka mzima hasemi uongo akisema hajawahi kulala bila mboga; lakini kwa daktari mboga ni majani, ni karoti, ni kile kinachoota.

Mwezi Oktoba 2017 marehemu alianza kusumbuliwa na tumbo, akishiba kwa matonge mawili na kuhisi moto chini ya kifua, akaenda katika zahanati, ambako kijana mmoja mpole alimpa dawa za vidonda vya tumbo na kumuuliza kama anakula mboga, naye, kwa ile sauti yake isiyoacha herufi nyuma, akajibu, "Kila siku, daktari, sikosi," na alipoulizwa matunda akasema yakipatikana, kijana akafurahi, akamwambia aendelee hivyohivyo; akarudi nyumbani akicheka, akamwambia mumewe, "Umesifiwa leo, daktari kasema mboga nisiache," na jioni ile fundi wa ng'onda alimchagulia mkewe samaki mnono kuliko wote waliokuwa kwenye kichanja, aliyelala katika chumvi muda mrefu kuliko wengine, na akaendelea kumchagulia hivyo kwa mwaka mzima na zaidi, huku dawa zikituliza moto na mwili ukipungua, magauni yakishonwa upya na binti yake kila baada ya muda, mpaka binti akaweka sindano chini na kusema, "Mama, nguo hazina kosa, twende hospitali kubwa."

Tarehe 4 Februari 2019, baada ya kuingizwa kooni mpira wenye kamera na nyama ya tumbo kupimwa, daktari wa wodi aliwaambia kwamba ni saratani ya tumbo, kwamba imekwisha kufika kwenye ini, na kwamba kisu hakitasaidia, kisha akauliza habari za chakula, na marehemu aliposema tena kwamba mboga hakosi, daktari huyu akauliza neno moja ambalo halikuwa limeulizwa, "Mboga gani, mama?" naye akajibu, "Ng'onda," na daktari akasema kwa upole kwamba watu wanaouliza hivyo hukusudia majani, na Dada Subiri akamtazama, akatabasamu, akasema, "Basi, mwanangu, mliniunganisha namba siyo," akacheka peke yake, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza.

Fundi wa ng'onda alibaki nyuma wengine walipotoka, akamuuliza daktari, "Ni mimi?" na jibu alilopewa linasomwa hapa kwa ukamilifu, kwa kuwa kuna midomo mtaani iliyolisoma vibaya: daktari alisema, "Mzee, ugonjwa huu hauna baba mmoja; chumvi nyingi ya miaka mingi imo, uchache wa matunda na majani umo, kuna bakteria anayekaa tumboni mwa watu wengi naye yumo, na mengine hatuyajui; wapo waliokula kama mkeo wakazeeka, na wapo waliokula bustani nzima nao wakaugua, kula matunda na majani kunapunguza hatari, hakuiondoi, na hakuna mtu duniani anayeweza kukuonyesha samaki gani alifanya nini"; naye akashukuru, akaondoka, na hakurudi tena bandani.

Tangu siku ile yeye ndiye aliyekwenda dirishani kwa jirani, akachukua mchicha, karoti, mapapai, machungwa, akachemsha, akaponda, akachuja kwa kitambaa safi, akamnywesha mkewe kwa kijiko, na mara nyingi kilichoingia kilirudi, naye akakifuta na kuanza upya, jirani akikataa kupokea chochote mkononi mwake, akisema, "Baba, huu mchicha ulikuwa wake tangu zamani, alichelewa tu kuuchukua."

Mwezi Juni marehemu, ambaye alikuwa hatamani tena kitu chochote, aliomba ng'onda, mumewe akageuza uso, akasema hapana, na marehemu akamwambia mbele ya watoto wao, "Mume wangu, usininyime mboga. Ulinilisha miaka yote, ulitaka nani anilishe?" na kesho yake asubuhi mzee huyu, aliyekaa maisha yake yote akitia chumvi ndani ya samaki, alikaa uani na beseni akiitoa, akimloweka samaki mmoja na kumwaga maji, akimloweka na kumwaga, mpaka maji yakawa hayana ladha ulimini, akamchambua, akampa kipande kisichozidi ukucha, naye akakitafuna kwa muda mrefu, akasema, "Umeiosha mpaka umeiua," na akaomba kingine, na hicho ndicho chakula cha mwisho alichokiomba kwa kinywa chake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, ambao hawakumficha mgonjwa wala kumkatia maneno. Inamshukuru pia yule kijana wa zahanati, ambaye alifika hapa jana akilia, na hakuna aliyemfukuza, kwa kuwa aliuliza neno la kwao akajibiwa neno la kwetu. Inawashukuru wenzake wa chumba cha simu, waliopeana zamu za kukaa naye kama walivyopeana zamu kazini. Inamshukuru jirani wa ukuta mmoja. Na inamshukuru mume wa marehemu, kwa kila kifurushi alicholeta, na kaka wa marehemu anatamka hili kwa niaba ya ukoo mzima, ili lisikike mpaka pale mlangoni: shemeji, hatuna neno nawe.

Kwa desturi ya historia kama hizi, kifo hutajwa kabla ya shukrani, lakini fundi wa ng'onda aliomba jambo moja tu wakati maneno haya yakiandikwa, kwamba kiwekwe mwisho kabisa, ili mkewe awe hai katika usomaji kwa kadiri inavyowezekana, na familia ikaona ni haki yake, na sasa hakuna kingine kilichobaki cha kusoma.

Upumzike, dada, kwa amani uliyowaachia wengine.

Dada Subiri alifariki siku ya Ijumaa, tarehe 16 Agosti 2019, saa nne asubuhi.