Dumu la Shemeji

Kijiwe chetu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, mbele ya kibaraza changu cha ushonaji. Sikumkaribisha mtu hapo. Niliuweka ubao kwa ajili ya wateja wanaosubiri suruali, wakaja watu wasio na hata kifungo cha kushonewa. Kushoto hukaa Wakili, aliyekuwa tarishi wa mahakama, na sheria zote anazozijua alizisikia mlangoni akiwa amebeba mafaili ya wenzake. Kulia hukaa Redio Mbao, kinyozi, mtu ambaye habari zake hazina chanzo wala mwisho. Katikati ni Spoki, fundi baiskeli, mpole, mchache wa maneno. Mzee wa Birika anauza kahawa na kukaa juu ya ndoo yake aliyoipindua. Mimi wananiita Sindano kwa sababu ya kazi yangu, ingawa wapo wanaosema ni kwa sababu ya ulimi. Kwenye nguzo ya kibaraza limening'inizwa dumu la maji lenye tundu, na chini yake kijiti kilichofungwa kamba: ukikikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, unanawa bila kushika kitu. Aliyelitundika ni mke wa Spoki, bibi afya wa zahanati, ambaye sisi sote tunamwita Shemeji. Alasiri hiyo Spoki alifika, akakaa, hakusalimu mtu. Akapokea kahawa, akaishika mpaka ikapoa.

Redio Mbao: We Spoki, mbona umekaza uso kama mnyororo uliokosa grisi?

Spoki: Mke wangu anataka kusafiri.

Redio Mbao: Kwenda wapi?

Spoki: Ng'ambo. Mwaka mzima.

Wakili: Amepata kazi! Hongera, bwana! Leo kahawa yote juu yako.

Spoki: Si kazi ya mshahara. Anajitolea.

Wakili akairudisha hongera yake mdomoni.

Spoki: Kuna visiwa huko, kimbunga hakiachi kupita. Wanataka mtu wa kuwashauri mambo ya maji safi, vyoo na usafi, ili kikija kiwakute wamejiandaa. Watampa chumba, chakula na nauli. Basi.

Mzee wa Birika: Na wewe umemwambiaje?

Spoki: Sijamwambia kitu. Leo mchana kanipakulia chakula, akaniambia, "Jioni nataka neno lako. Ukisema nenda, nitakwenda. Ukisema baki, nitabaki, na sitakulaumu."

Wakili: Sasa si vizuri hivyo?

Spoki: Vizuri wapi! Angegomba, ningejua pa kushika. Mtu akishakwambia hatakulaumu, umekwisha.

Nilisimamisha cherehani. Nilimhurumia, lakini pale kijiweni huruma haina nafasi ya kukaa, ubao wote umeshajaa midomo.

Redio Mbao: Mimi nakwambia kama ndugu. Hakuna bure chini ya jua. Ukisikia mtu anaitwa mbali kufanya kazi bure, ujue kazi yenyewe haisemeki.

Mzee wa Birika: Ameshasema, ni maji na vyoo.

Redio Mbao: Ndiyo hapo! Nani anapanda ndege kwenda kushughulikia choo cha mtu mwingine? Mimi cha kwangu mwenyewe naingia nikiwa nimefumba macho.

Wakili: Ngojeni, ngojeni. Mimi nauliza kisheria. Hicho kimbunga kimeshatokea?

Spoki: Bado. Ndiyo maana ya kujiandaa.

Wakili: Basi haiwezekani. Huwezi kumshauri mtu juu ya janga ambalo halijatokea. Mahakamani hakuna kesi ya mauaji bila marehemu. Wahenga wenyewe walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Maana yake lazima yamwagike kwanza, ndipo tukae chini tuanze kutoyazoa.

Mimi: Wakili, wahenga wakifufuka watakushitaki wewe wa kwanza.

Wakili: Waje. Nitawakatia rufaa.

Redio Mbao: Na swali langu hamjalijibu. Wanajuaje kimbunga kitakuja? Anayejua saa ya wizi ni mwizi. Wanakitengeneza wenyewe! Wana mtambo, unakoroga upepo kama uji.

Spoki: Jamani...

Redio Mbao: Tulia, nakusaidia. Halafu na vyoo. Mnadhani wanajenga vyoo kwa huruma? Kinyesi kinatoa gesi. Gesi inarusha roketi. Kuna mteja nimemnyoa hapa hapa, binamu yake alionana na mtu aliyeiona.

Mzee wa Birika: Aliona nini, gesi?

Redio Mbao: Roketi. Anasema ikipita juu, inanuka kidogo.

Hata Spoki alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Akaweka kikombe juu ya goti.

Spoki: Hajengi roketi. Kazi yake ni kuuliza. Anakaa na watu anawauliza, maji yakijaa mtakimbilia wapi? Shuleni? Haya, hapo shuleni choo kiko wapi? Kiko juu ya kisima au chini yake? Mama mwenye mtoto atafikaje gizani? Maji ya kunywa mtayaweka kwenye nini, na yana kifuniko?

Wakili: Na watu wazima wanakubali kuulizwa hayo?

Spoki: Wanacheka kwanza. Halafu mmoja anajibu, wanaacha kucheka.

Mzee wa Birika: Wewe mwenyewe unaogopa nini, mwanangu? Sema tu.

Spoki: Naogopa, mzee. Mtoto wetu mdogo halali bila kushika sikio la mama yake. Juzi nilijaribu kumlaza mimi, akalishika langu, akalikataa. Anasema ni gumu. Mwaka mzima nitamlazaje? Halafu najiuliza, kwani hapa kazi imekwisha? Hapa hakuna maji machafu? Mpaka aende kwa watu asiowajua?

Wakili: Hapo sasa umesema! Mcheza kwao hutuzwa!

Mzee wa Birika: Na hapa kwao nani amemtuza?

Wakili: Sisi. Tunamwita Shemeji kwa heshima zote.

Mimi: Hiyo ni tuzo ya kujikimu kweli.

Redio Mbao: Msimpotezee Spoki muda, jioni inaingia. Kaka, mimi nina ushahidi kwamba ushauri huo hauna kazi. Mwaka juzi hapa mafuriko hayakutufika magotini? Yalitufika. Mtaa wa bondeni kipindupindu hakikuwachukua? Kiliwachukua, gari la wagonjwa likawa halilali. Sasa niambieni, hapa kijiweni aliugua nani?

Tukatazamana. Ni kweli, hakuugua mtu. Tulikuwa tumekaa kwenye ubao huu huu, matope yamekauka chini ya miguu, vikombe vile vile vikizunguka.

Redio Mbao: Tulishauriwa na mtu kutoka ng'ambo? Hatukushauriwa!

Wakili: Ni kahawa. Uchungu wa kahawa ya huyu mzee hakuna kijidudu kinachoustahimili.

Mzee wa Birika: Kweli huwa naikaza.

Alisema hivyo kwa aibu, lakini nilimwona ameinyoosha shingo.

Redio Mbao: Kahawa wapi! Ni spiriti yangu ya kunyolea. Nikimpaka mteja, harufu inatanda kijiwe kizima. Nyinyi mnavuta dawa hapa kila siku na hamnishukuru.

Wakili: Kama ni hivyo, basi hata mimi nimo. Vijidudu vinaogopa sheria.

Mimi nilitaka kunyamaza, lakini ujinga unaambukiza kuliko kipindupindu, nikajikuta nimesema labda ni cherehani yangu, wadudu wadogo hawapendi kelele.

Mzee wa Birika: Labda ni kunawa tu. Si tunanawa hapo kwenye dumu?

Redio Mbao: Kunawa! Mimi nanawa kwa kufuata mkumbo tu, lakini siamini. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Ukiuosha ukabaki mtupu, hata mwenyewe huna cha kulamba.

Wakati huo lori lilikuwa limeegeshwa kwenye kona, tairi la nyuma limetoboka, na dereva wake ametoka kulibadilisha. Alikuja kwetu akitembea na mikono mbele, myeusi mpaka kwenye viwiko. Hatukuwahi kumwona.

Wakili: Karibu, karibu! Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Dereva: Ahsante, wazee wangu. Naomba kahawa. Ila kwanza ninawe.

Akalikuta dumu bila kuelekezwa. Akakanyaga kijiti. Dumu likainama kwa adabu, halikutoa kitu. Akakanyaga tena. Likadondosha tone moja, likaishia kwenye vumbi la kiatu chake.

Dereva: Samahani jamani. Hili dumu huwa linajazwa na nani?

Wakili: Hilo liko chini ya mamlaka ya mtaa.

Dereva: Ndiyo nani huyo?

Wakili: Mamlaka ni mamlaka, ndugu yangu.

Redio Mbao: Muulize mzee, yeye ndiye mwenye maji.

Mzee wa Birika: Mimi? Maji yangu nayachota nyumbani, nayachemshia huko huko. Mimi siku zote nilijua ni Sindano. Kibaraza si chake?

Wote wakanigeukia. Dumu linaning'inia hatua mbili kutoka kwenye cherehani yangu. Nimelinawia asubuhi, mchana na jioni, kiangazi na masika, na mafuriko yale yalipopungua nililinawia zaidi kwa hofu. Sijawahi kulikuta tupu. Sijawahi hata kujiuliza.

Mimi: Nilidhani ni Redio. Kinyozi hakosi maji.

Redio Mbao: Mimi? Mimi sina hata beseni la kwangu!

Dereva: Kwani halijawahi kuisha?

Tulikuwa watu wanne tuliotoka kueleza roketi, na dumu lilikuwa limetushinda. Nilipomtazama Spoki, uso wake ulikuwa umebadilika.

Spoki: Mke wangu aliniomba nimchomelee keria pana kwenye baiskeli yake. Ikae dumu zima. Nikamchomelea. Sikumuuliza dumu la nini.

Mzee wa Birika: Si la zahanati?

Spoki: Zahanati ina bomba lake, mzee. Kila siku namsikia anatoka mimi nikiwa bado nimelala, nageukia ukutani, nasema moyoni, kazi imempenda huyu. Jana na leo hakupita huku. Alikuwa anahangaikia karatasi za safari.

Mzee wa Birika akawa anaukagua mdomo wa birika kana kwamba ndiyo kwanza anauona.

Kijiweni pale tumebishana mpaka watu wakavuana kofia, lakini aibu ya namna ile sijawahi kuiona. Mwanamke alipita hapa gizani, kabla ya mafuriko na baada yake, akatujazia maji ya kunawa, kisha sisi tukakaa juani kugawana sifa za afya yetu, huyu kahawa, huyu spiriti, mimi cherehani.

Spoki akasimama. Akalifungua dumu kwenye kamba, akalikung'uta.

Spoki: Neno lake ninalo. Ninalo tangu mchana, nilikuwa nalikalia tu. Lakini nikimwambia nenda, namjua, kabla hajafurahi ataniuliza jambo moja. Ataniuliza, dumu la pale kijiweni atajaza nani? Nimwambie nani?

Wakili akaanza kufunga kamba za kiatu ambacho hakina kamba. Redio Mbao akakohoa kikohozi cha kuazima. Mzee wa Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, zikatoka machicha. Tulikuwa tumelicheka neno kujitolea alasiri nzima, na sasa lilikuwa limesimama mbele yetu likingoja mtu mmoja tu.

Spoki: Sindano, nakuuliza. Nimwambie nani?

Mimi: Mwambie mimi.

Sauti ilitoka ndogo, kama si yangu.

Wakili: Kisheria, mtu mmoja hawezi kuachiwa mzigo...

Mimi: Basi tupokezane. Kesho mimi, keshokutwa wewe.

Alitafuta kifungu cha kujitetea, hakukipata. Redio Mbao, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuwa na habari.

Spoki: Na sikio la mtoto?

Mzee wa Birika: Hilo huwezi kumwachia mtu, mwanangu. Hilo litalainika lenyewe, kwa kushikwa.

Spoki alilifunga dumu tupu nyuma ya baiskeli yake kwa mpira, akarukia juu, akaondoka kwa kasi, kengele ikilia ingawa njia ilikuwa nyeupe. Dereva akabaki amesimama pale, mikono yake myeusi iko mbele vile vile, akimtazama anavyokata kona.

Dereva: Bomba liko upande ule?

Mimi: Hapana. Ule ni upande wa nyumbani kwake. Kaa, ndugu yangu. Leo maji yatachelewa kidogo.