Mwenye Sauti ya Rimu

Benchi lililo mbele ya karakana ya Oyoo, mjini Ogembo, zamani lilikuwa ubao wa lori. Lori hilo lilianguka kwenye kona ya juu ya soko miaka kumi na tisa iliyopita likiwa limebeba majani chai, na kila aliyekimbia kuokoa aliondoka na kitu. Oyoo, fundi wa kuchomelea aliyetoka upande wa ziwa, alipata ubao. Kanisa la Wasabato la hapo juu lilipata rimu ya gurudumu, likaining'iniza kwenye mparachichi na kumkabidhi Abner Obwocha nondo ya kuigonga. Tangu siku hiyo Abner ndiye kengele. Ijumaa hii, saa nane na nusu mchana, alikuwa amekaa katikati ya benchi, fomu ya kurasa mbili magotini, kahawa yake ikipoa. Saa kumi msichana wa fomu angerudi kuichukua. Saa kumi na mbili na nusu jua lingetua, Sabato ingeingia, na rimu ilipaswa kulia. Abner hakujua kama bado angeruhusiwa kuigonga.

— Soma tena, alisema. Polepole.

Msomaji alikuwa Cleophas. Aliwahi kulinda lango la mahakama kwa miaka sita, na kwa sababu hiyo kijiwe kizima kilimwita Wakili.

— Iko hivi, mogaka, mzee wetu. Jina la mwenye sauti. Hapo ni nukta nukta. Halafu: mimi niliyetajwa hapo juu ninatoa leseni sauti hii itumiwe, na wengine wapewe waitumie, mahali popote, milele.

— Milele?

— Imeandikwa milele.

Mong'ina, mwenye birika na jiko, alicheka akimwaga kahawa.

— Hata mchungaji aliyenifungisha ndoa hakufika huko. Yeye alisema mpaka kufa.

— Na mume wako akasikia mpaka mvua inyeshe, alisema Oyoo.

— Wewe Oyoo, kunywa kahawa yako unyamaze.

Fomu ilikuwa ya Lynette, binti anayeishi Kisii mjini na kazi yake ni kukusanya sauti za kengele. Amerekodi kengele za makanisa, za shule, za ng'ombe na za baiskeli. Jumatano alikuja na maikrofoni iliyovalishwa manyoya kama kifaranga, akamwomba Abner agonge rimu. Alieleza kwamba sauti ingeingia kwenye kompyuta, na mwanamuziki yeyote akibonyeza kinanda chake, badala ya kinanda, rimu ingelia. Lakini kwanza lazima mwenye sauti atie sahihi.

— Swali langu ni moja tu, alisema Abner. Nikishatoa hii leseni, jioni nikigonga, si nitakuwa nagonga kitu ya mtu mwingine?

— Kisheria, alisema Wakili, akanyamaza kidogo kama walivyofanya mawakili aliokuwa akiwafungulia lango, kisheria ni kama shamba. Ukiuza shamba, huwezi kurudi kesho kuchuma ndizi.

— Lakini sijauza! Ni ruhusa.

— Ruhusa ya milele ni kuuza kwa adabu.

Abner aliweka fomu chini, kisha akaiokota haraka kabla upepo haujaichukua. Amegonga rimu hiyo akiwa na homa. Aliigonga wiki aliyomzika mama yake. Hakuwahi kufikiria kwamba kugonga ni haki ambayo mtu anaweza kuwa nayo au kukosa.

— Wacheni niwaambie shida iko wapi, alisema Oyoo. Shida si Abner. Sauti si yake. Mnakumbuka ile rimu ilikuwa na ufa? Nani aliuziba? Si mimi? Kabla nichomelee ilikuwa inalia kama sufuria. Hiyo sauti ni ya weldingi yangu.

— Uliziba nusu, alisema Mong'ina.

— Nikaziba nusu kwa makusudi! Ningeziba yote, isingelia.

— Juzi ulisema umeme ulipotea.

— Umeme ulipotea kwa wakati mzuri.

Wakili alikuna kidevu.

— Ukienda hivyo, mwenye sauti ni mwenye lori.

Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemtaja mwenye lori wakiwa wamekalia ubao wake.

— Fikirieni, Wakili aliendelea kwa sauti ya chini. Hiyo sauti inatoka, inachezwa kwa redio. Mwenye lori yuko kwake, anakunywa uji. Anasikia. Anasema, hii ni rimu yangu ya nyuma kushoto.

— Atajuaje ni ya kushoto? aliuliza Abner.

— Mtu anajua rimu zake.

— Basi aje na ubao wake achukue, alisema Oyoo, lakini alisogea kidogo, kana kwamba angeweza kuuficha kwa kuukalia vizuri.

Mong'ina aliongeza makaa jikoni.

— Mimi naona nyote mmepotea. Nyinyi mmesikia rimu ikilia mara ngapi kila ikigongwa?

— Mara moja, alisema Abner.

— Mbili. Inalia kanisani, halafu inalia ng'ambo kwa kilima cha mzee Nyasani. Huyo msichana alirekodi zote mbili, nilimwona amesimama akingoja ile ya pili. Nyasani ametia sahihi wapi?

— Ng'ambo ile ni mwangwi tu, alisema Abner.

— Mwangwi wa shamba la nani?

Wakili alifungua ukurasa wa pili, akatafuta mahali pa mwenye kilima. Hapakuwa na mahali.

— Fomu ina kasoro, alitangaza.

— Na kuna kitu kingine, alisema Oyoo. Tangu Jumatano ile rimu imepungua. Jana nilipita hapo juu nikairushia jiwe, ikalia hafifu. Sauti ni kama betri, Jaduong', mzee wangu. Amebeba nusu yake kwa hiyo mashine.

— Ulirushia rimu ya kanisa jiwe? aliuliza Abner.

— Nilikuwa nachunguza.

Abner alijua Oyoo anasema upuuzi. Hata hivyo alianza kukumbuka jinsi rimu ilivyolia alipoigonga jana, na hakuwa na hakika tena.

— Lakini Jumatano, mogaka, alisema Mong'ina, hiyo nayo hukufanya vizuri.

— Nimeshaomba msamaha.

— Uliomba kanisani jioni ile. Mimi sikuwa kanisani.

Kila mtu alijua alichomaanisha. Rimu ina mapigo matatu. Ya haraka ni ya ibada. Ya mfululizo, bila kupumua, ni ya moto au mwizi. La tatu ni pigo moja, kimya kirefu, pigo moja, kimya: kuna mtu amefariki. Lynette alikuwa amemwomba Abner agonge namna zote anazozijua, na Abner, mtu wa kufanya kazi ikakamilika, aligonga zote. Alikuwa bado hajamaliza la tatu watu walipoanza kupanda njia, wanawake wamejifunga leso viunoni, wanaume wameacha majembe mashambani.

— Nilipanda hiyo njia na sufuria ya maharagwe kichwani, alisema Mong'ina. Nalia. Nafika, nakuta mtu anaambiwa, mzee, rudia hilo la mwisho, kuna jogoo amewika.

Hakuna aliyecheka, ingawa Oyoo alijaribu.

Saa kumi kasoro robo pikipiki ilisimama. Lynette alishuka, akamsalimia kila mmoja kwa mkono, akakataa kahawa, kisha akaipokea.

— Mzee Abner, tumemaliza?

— Nina swali. Nikitia sahihi, nitaruhusiwa kugonga jioni?

— Kwani nani atakukataza? Gonga tu. Leo, kesho, mpaka uchoke. Mimi nachukua nakala, rimu ni yenu.

Abner alipumua. Alitazama benchi lote, mmoja mmoja. Wakili alikuwa anasoma nyuma ya fomu, ambako hakukuwa na maandishi.

— Na haijapungua?

— Nini haijapungua?

— Sauti.

Lynette hakuelewa, lakini alitabasamu, akafungua kompyuta yake juu ya benchi na kuunganisha spika ndogo.

— Hebu msikie wenyewe. Imetoka safi kabisa. Hii ndiyo ninayoipenda zaidi.

Akabonyeza.

Pigo moja. Kimya. Kilima cha Nyasani kikajibu kutoka ndani ya spika. Pigo moja. Kimya.

Ng'ambo ya barabara vijana wa boda boda walivua helmeti. Kinyozi alitoka nje na mashine ikinguruma mkononi. Mong'ina, aliyejua kila kitu, alikuwa ameshashika ncha za leso yake kabla hajajizuia. Abner naye alijikuta amesimama, kofia kifuani.

— Hiyo, alisema. Hiyo ifute. Zile nyingine nitatia sahihi.

— Lakini mzee, hiyo ndiyo nzuri kuliko zote.

— Ifute.

— Sawa. Nitaifuta, alisema Lynette akitoa kalamu. Na kwa hizo nyingine, niandike mwenye sauti ni nani?

Kabla yeyote hajafungua mdomo, mwanamke mmoja alivuka barabara kutoka njia ya sokoni, mkungu wa ndizi kichwani. Alikuwa Nyamoita wa Birongo, ambaye benchi lilimjua kwa sura tu. Alitua mkungu polepole mbele ya Abner, akajifunga leso kiunoni, akafuta jasho.

— Poleni, alisema. Nimesikia rimu. Hizi nilikuwa nazipeleka kuuza. Siuzi tena. Niambieni tu nizipeleke boma gani.

Lynette alimtazama Abner. Abner alimtazama Wakili. Wakili alitazama ndani ya kikombe chake.

— Ni kwa nani? Nyamoita aliuliza tena.